Mkono Kwenye Kitasa

Kaka yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba wewe, shemeji na watoto mu wazima. Mimi mwili haujambo. Usingizi ndio ulionikimbia.

Kama ujuavyo, kampuni ya filamu imenichukua kwa majaribio, nami nimekabidhiwa kuhariri mwanzo wa filamu ya kutisha. Mwongozaji aliahidi kwamba nikiwaweka watazamaji roho juu tangu mwanzo, ajira ni yangu. Sharti lake ni moja: uso wa muuaji usionekane. Vionekane viatu, kivuli ukutani, kisha mkono ukizungusha ufunguo taratibu. Sura ikijitokeza mapema, alisema, mtazamaji anarudi kuchezea simu yake.

Chumba cha kupigia picha kilikosekana. Kwa kiherehere changu cha kutaka kusifiwa, nikatoa changu pamoja na ufunguo wake. Mwigizaji naye akaugua, hivyo mwongozaji akamwita mpita njia mmoja, akitutania kwamba mkono hauhitaji cheti cha chuo. Yule bwana alifanya kazi vizuri, akaondoka na ufunguo wangu mfukoni. Kesho yake aliuacha kwenye meza ya mlinzi wa ofisi, mlinzi mwenyewe akiwa hayupo. Nilishukuru, nikasahau.

Tangu hapo nikirudi nyumbani nakuta bomba nililolifunga likidondosha maji, na kitanda nilichokitandika kina alama ya mtu aliyekaa. Nimepitia picha zote tulizopiga, hata zile tulizozitupa, nikimtafuta yule bwana. Uso haumo. Tulilitii sharti mno, kaka; hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama usoni. Nilipomweleza mwongozaji alicheka, akaniambia woga huohuo niutie kwenye filamu.

Sikutaka kukutia wasiwasi, lakini sina budi kukuambia. Jana mchana nilikuwa ndani, nimejifungia kwa komeo, nikaona kitasa kikizunguka. Kilizunguka polepole, kikatulia, kikazunguka tena. Mwendo ule naujua. Nimeukata na kuuunganisha kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nikasikia viatu vikiondoka bila haraka.

Nimekwenda polisi. Askari aliuliza mtu huyo anafananaje. Pamoja na shahada yangu yote, nikabaki kumweleza kucha za mkono ule.

Fundi wa vitasa ameahidi kuja, ila kuwa peke yangu siwezi tena, hata kama kazi itanipotea. Njoo unichukue. Nawe ukifika, tafadhali usiguse mlango. Simama dirishani, nikuone uso kwanza.

Wasalimie wote nyumbani, na mama usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba