Nukta Kumi na Nne Kwenye Kitabu Changu

Mama Perez, huwa nasoma majibu yako gazetini, na leo ni mimi naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Pioneer, Eldoret, mwaka wa sita sasa, nina nyumba tisini na nane ninazozitembelea, napima watoto, nauliza nani anakohoa, nani ana mimba, nani ameacha dawa, na kila nyumba nimeiandika kwenye kitabu, jina la mwenye nyumba, watu wangapi, watoto wa miaka mingapi, na ni saa ngapi nitawakuta. Watu hunifungulia mlango bila hata kuuliza ni nani.

Mwezi wa pili mvua ilinikuta njiani kitabu kikalowa chote, na kwa vile mwandiko wangu ni mbaya nikamwomba kaka yangu Kipyego aninakilie kwenye kitabu kipya, maana ana mwandiko mzuri na alikuwa anakaa kwangu bila kazi. Najua hairuhusiwi, majina ya watu ni siri, lakini wengi wetu hufanya hivyo, mume anasaidia, dada anasaidia, hatukuwahi kuona ubaya.

Kaka alifutwa kibarua kiwandani mwaka jana, na aliyemripoti kwamba anakuja kazini amelewa ni Byron Ouma, msimamizi wa zamu, ambaye ni jirani yetu nyumba ya nne kutoka kwangu. Kulewa alikuwa analewa, hilo sikatai, lakini hasira yake haikubaki kwa Byron, ilianza kuwa ni hawa watu wa kutoka ziwani, kabila la Byron, wote, na kutwa alikuwa na simu sikioni akisikiliza kundi fulani ambalo kazi yao ni kutukana wageni, akaacha kanisa, akaacha kula na sisi, halafu jaketi lake la mazoezi alilolipenda kuliko kitu chochote akampa binamu yetu, hivi hivi tu.

Wiki tatu zilizopita nilifungua kitabu nikaona nukta ndogo ya penseli pembeni mwa jina la Byron, halafu nyingine kwa mama Akello, nikaendelea kufungua kurasa, nikahesabu nukta kumi na nne, zote nyumba za watu wa ziwa, hakuna hata moja ya Mkalenjin kama sisi, na mmoja wao anaitwa Akumu kama wewe. Nilimwuliza Kipyego ni za nini.

"Ni kitu ya kuhesabu tu, sis. Wacha stress."

Lakini hakunitazama.

Sasa dhambi yangu. Mwaka jana tuliitwa semina, wahudumu wa kaunti yetu na wa kaunti jirani, pamoja na walimu na machifu, tukafundishwa kwamba mtu akianza kuelekea kuumiza wengine tumfuatilie mapema kama tunavyomfuatilia mgonjwa, tumwambie msimamizi wetu, na mtu apelekwe kwa mshauri nasaha kabla mambo hayajafika kwa polisi. Dalili walizotufundisha nilikuwa naziona mezani kwangu kila siku. Na bado nilichukua raba nikazifuta zile nukta zote. Kisha Kipyego akaenda Timboroa, kaunti jirani, kwa mjomba kumsaidia kupanda viazi, na mimi kwenye simu ya kazi, ambako kila mkazi wa eneo langu ameandikwa na yeye akiwemo, nikabonyeza "amehama", na ukibonyeza hivyo mtu anatoka kwenye orodha, hakuna anayekuuliza habari zake tena, na nikamshukuru Mungu.

Jumapili akapiga simu.

"Byron bado anaingia shift ya asubuhi?"

Nikamwuliza anataka nini na Byron.

"Na wale watoto wake hubaki na nani Saturday?"

Halafu akaniambia polepole, "Jumamosi usilale hapo Pioneer. Enda kwa mathe Chepsaita. Na usiniulize maswali mob."

Nilienda Chepsaita kweli, lakini ni kumweleza mama. Alikuwa anakamua ng'ombe na hakuinuka. "Huyo ni mtoto wa tumbo yangu, hayo ni maneno ya hasira tu," akasema. "Ukimpeleka kwa polisi usikanyage hii boma tena."

Msimamizi wangu ni Bwana Wabuge, ni mtu mzuri, lakini akijua nilifuta nukta nitasimamishwa kazi na atafikiri nilikuwa pamoja na kaka. Jana Byron alinipungia mkono akiwa langoni kwake nikashindwa kuinua wangu. Nikinyamaza watu watakufa, nikisema ndugu yangu atapotea mikononi mwa polisi na mama atanikana. Niambie nifanye nini, kwa sababu nimejaribu kuomba na hata maombi hayatoki.

Mhudumu, Pioneer

*

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, hakuna muda wa kuirudia. Mtu anayeuliza watoto wa jirani hubaki na nani, kisha akakuambia usilale nyumbani kwako siku fulani, hana hasira tu. Ana mpango na ana siku. Mama yako anajua hivyo pia, ndiyo maana hakuinuka.

Nakuhurumia kabisa. Ndugu ni ndugu, na hakuna semina inayomfundisha mtu kumpeleka wa kwao kwa polisi. Lakini nitakugombeza. Kama Kipyego angekuwa na kifua kikuu, akaacha dawa akaenda Timboroa, ungebonyeza "amehama" na kumshukuru Mungu? Ungempigia mhudumu wa kule siku hiyo hiyo, ukamtajia jina, dalili na nyumba ya mjomba. Ndiyo sababu wahudumu wa kaunti jirani waliitwa pamoja nanyi: mtu akivuka mpaka, kila upande hudhani upande wa pili unamwangalia. Wewe ulijua mwanya uko wapi na ukampitisha ndugu yako hapo.

Wiki tatu zilizopita angepata mshauri na kiti cha kukalia. Leo lazima polisi waingie, na hilo limeletwa na raba yako, usimtafutie mwingine. Hata hivyo, mtu akizuiwa kabla hajaua bado ana maisha ya kurudia. Na kumbuka alikuonya. Bado kuna mtu mmoja duniani asiyetaka aumie, na huyo mtu ni wewe, kwa hiyo usiseme kwamba huna la kufanya.

Unasema kuna Akumu kwenye kitabu chako. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa nesi hapa Eldoret, na lango letu lilichorwa alama ya chaki. Dada mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi wodi moja alimjua aliyeichora, na alinyamaza kwa sababu ni wa kwao. Sisi tulikimbilia kituo cha polisi. Mdogo wangu Felix alirudi kuchukua vyeti vyake vya shule na hatukumwona tena. Huyo dada hunisalimia kanisani mpaka leo na hawezi kunitazama usoni. Amezeeka vibaya. Sitaki uzeeke hivyo.

Sasa weka kila kitu chini umpigie Bwana Wabuge. Usianze na machozi wala na kujitetea. Anza na Jumamosi, kisha Byron, kisha Timboroa, halafu umwambie kuhusu raba bila kupunguza chochote. Kazi unaweza kuipoteza, na hilo tutalizungumza siku nyingine. Mwambie awaite polisi, wale wakuu wa semina na mhudumu wa Timboroa, na kila mmoja apokee simu yeye mwenyewe. Asiachiwe mtu ujumbe wa kusoma baadaye. Wakati anapiga, chukua karatasi uandike nyumba zile kumi na nne ungali unazikumbuka. Kitabu usikiguse tena, penseli huacha alama kwenye karatasi hata ikifutwa.

Byron aambiwe leo, ana kwa ana, Wabuge na polisi wakiwepo, na wewe uwepo. Atakutukana. Msikilize mpaka amalize. Lakini jambo hili lisiingie kwenye kundi lolote la simu, maana jina la kaka yako likianza kuzunguka kutakuwa na wengine wa kulipiza, na wao hawatachagua nyumba.

Kipyego akipiga, pokea. Usimtishe na usimhubirie. Mwulize amekula nini, yuko na nani, viazi vimefika wapi, umwache aongee, kisha uwaeleze Wabuge na polisi yote uliyoyasikia. Mama yako usimwombe ruhusa. Amekwisha kukujibu, na jibu lake si sheria.

Saa hii ni saa tano asubuhi. Nakupa mpaka saa sita. Nisiposikia kwamba umepiga, nitapiga mimi, na nitawasomea barua yako neno kwa neno. Siri za wasomaji wangu nimezitunza miaka kumi na moja, na hii nitaivunja bila kupepesa jicho.

Perez Akumu

*

Mwandishi wa barua alisomewa jibu hili kwa simu Jumanne, siku barua ilipofika. Linachapishwa leo kwa ruhusa yake, mwezi mmoja baadaye, na majina yao yote yamebadilishwa. Alimpigia msimamizi wake saa tano na nusu. Kaka yake alikutwa Alhamisi kwa mjomba, akiwa na mitungi miwili ya petroli chini ya magunia ya mbegu. Yuko rumande, na mshauri nasaha humtembelea kila wiki. Mwandishi wa barua amesimamishwa kazi. Nyumba zote kumi na nne ziliamka Jumapili ile na kwenda kanisani. Mama yake bado hapokei simu yake.