Kiti cha Dereva

Baba Mapacha,

Barua yako imefika, na picha pia. Huku hatujambo. Mapacha wameng'oka meno siku moja, na kila mmoja anadai lake ndilo lililotangulia. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, nimelikaza mwenyewe.

Nimefurahi breki za gari zimepona. Unasema pedeli ilikuwa inazama kama unakanyaga godoro, ukaona usimsumbue fundi, Jumapili ukatoa upepo kwenye mirija ya breki hapo unapokaa, magurudumu yote manne, peke yako. Hongera.

Ila kazi hiyo naijua, mume wangu. Miaka tisa wewe ulilala chini na spana, mimi nikakaa kwenye usukani. "Kanyaga." Nakanyaga. "Shikilia." Nashikilia mpaka mguu unatetemeka, wewe unafungua nati, mafuta yanatoka na mapovu, unafunga. "Achia." Siku ile niliyoachia kabla hujafunga, hewa ikarudi ndani, ukaninunia mpaka jioni.

Picha nimeitazama sana. Mikono yako imechafuka, unacheka, mlango wa gari uko wazi. Kiti cha dereva kimevutwa mbele kabisa, kama cha mtu mfupi. Mimi na wewe urefu wetu mmoja. Kiti hicho hatujawahi kukisogeza.

Sikuulizi ni nani. Nataka kujua tu kama naye alipokosea ulimnunia, au ndipo ulipocheka.

Ni mimi niliyekukanyagia miaka tisa,
Mama Mapacha