Binti Yako Ni Mpenzi wa Chakula

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 6,
S.L.P. 318.
Jumatatu, tarehe 12 Mei

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Hujambo? Kifua kimetulia? Na wifi, mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku Mungu anatutunza. Goti langu bado linajua mvua kabla ya redio, lakini kazini naenda na ibadani nafika, basi sina cha kulalamika.

Paa limezibwa. Fundi alikuja mara tatu: ya kwanza kuangalia, ya pili kuangalia tena, ya tatu ndipo akapanda.

Sasa kaka, kaa vizuri. Nina jambo la binti yako, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake. Haumwi, na chuoni anaendelea vizuri. Kosa ni langu.

Jumapili ya tarehe 4 ilikuwa zamu yangu kuwakaribisha akina mama wa kikundi cha sala. Tukasali, nikapakua wali na maharage, mwanao akakaa nasi. Mke wa mchungaji akamuuliza, kama watu wazima wanavyowauliza vijana, "Na wewe mwanangu, unapenda nini zaidi hapa duniani?" Akajibu bila kuinamisha kichwa, "Mimi ni mpenzi wa chakula."

Jirani yangu fundi cherehani, unaujua mdomo wake, akaweka kijiko chini. "Mpenzi wa chakula? Kwani humu ndani nani amegombana na chakula?"

Watu wakacheka, na mtoto naye akacheka. Akaeleza kwamba si kula tu, anapenda kuonja, kujua kitu kimepikwaje na kwa nini cha leo si kama cha jana. "Basi na mimi ni mpenzi wa usingizi," akasema yule fundi.

Hapo ingeishia vizuri. Lakini mimi nikaona haya. Nikajisemea, nimepika kwenye jiko la hospitali miaka ishirini na sita, masufuria ambayo mtu anaweza kuogea ndani, na sijawahi kujiita chochote zaidi ya mpishi. Huyu kitunguu tu anakimenya kwa machozi, ameshajipa cheo. Nikasema mbele ya wageni wote, "Mwacheni huyo. Hilo ni jina jipya la ulafi."

Najua umeacha kusoma hapo. Mimi nami nilitaka kulirudisha, ila neno lilikuwa limeshatoka.

Unaikumbuka meza ya baba? Chakula hakikuzungumzwa. Unaomba, unakula, unasema asante, unaondoka. Mama hakukaa nasi. Alibaki jikoni nyuma ya pazia akisikiliza vijiko. Vikikwaruza sahani alijua tumependa, vikienda polepole, kesho yake alibadilisha kitu. Hivyo ndivyo alivyopata habari za mapishi yake maisha yake yote.

Nawe siku ile, una miaka tisa, ukainua uso kutoka kwenye supu ya dengu ukasema, "Mama, leo supu inanukia kama udongo ukinyeshewa." Sauti yako naisikia mpaka leo. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, "Mlafi huyu," akaendelea kula. Ukaweka kijiko. Tangu siku ile mpaka unahama nyumbani sikukusikia tena ukitamka neno juu ya chakula.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Mama alipokuwa kitandani, miezi yake ya mwisho, aliniambia kwamba hayo ndiyo maneno pekee matamu aliyowahi kuambiwa kuhusu upishi wake, na kwamba alijilaumu miaka yote kwa kutotoka nyuma ya pazia akakujibu. Sijui kwa nini nilikaa nacho. Labda nilikuwa nakuonea wivu, maana mimi sikumwambia chochote.

Sasa neno lilelile nimempa mwanao.

Tangu Jumapili ile ananisalimia, anaosha vyombo, anakula, anasema "Asante, shangazi," anainuka. Zamani alikuwa hanyamazi. "Shangazi, leo karoti umezitia mwishoni, eh?" Nilikuwa namwona msumbufu. Sasa nyumba imekuwa kama ya baba, na sikuipenda hata nilipokuwa mdogo. Halafu fundi cherehani akaninong'oneza kwamba mtoto ameomba nafasi bwenini kuanzia mwezi ujao. Kwangu hajasema.

Nimeliombea jambo hili, kaka, na nimejiuliza kweli kama ni majivuno mtu kujiita hivyo. Kwaya yetu ina mama mmoja anayejiita mpenzi wa nyimbo, na sauti yake inapotea njia kila ubeti, hatumcheki. Nadhani sisi tuliokua tukipakuliwa kwa kipimo, mtu akisema anapenda chakula tunasikia kama anaomba kijiko cha ziada. Na mimi ninayejidai mnyenyekevu, kila alfajiri jikoni, kabla wenzangu hawajafika, nafunua sufuria ya kwanza na kuweka uso kwenye mvuke, nafumba macho. Miaka ishirini na sita. Sijamwambia mtu, naiita kazi.

Jana nikamketisha. Nikamwambia nilimkosea mbele ya watu, na Jumapili nitayasema mbele ya watu walewale. Akasema, "Yameisha, shangazi," kwa ile sauti ambayo unajua hayajaisha. Nikamsogezea sahani ya maharage, nikamuuliza kitu ambacho nyumbani kwetu hakikuulizwa hata siku moja: "Haya niambie, yakoje?"

Akatafuna. Akanitazama akipima kama nacheza. "Niseme ukweli?"

"Sema."

"Chumvi imezidi. Huwa inazidi kila siku, shangazi."

Kila siku, kaka. Hospitalini tunapika bila chumvi kwa ajili ya wenye presha, kumbe nikifika nyumbani mkono unajilipizia. Miaka yote hii wageni wangu wanakunywa maji mengi na kusema asante. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Naye akacheka, kicheko chenyewe hasa, akainuka akamimina maji ya moto kwenye sufuria, akatia viazi viwili vinyonye chumvi, akasubiri, akaonja, akaniletea kijiko mdomoni.

Habari ya bwenini hajaitaja, nami sijamuuliza. Lakini yale maharage yalikuwa matamu, kaka, na nilimwambia hivyo, kwa sauti, nikamtajia na sababu.

Nisalimie wifi, na wanangu wote hapo, na mjomba, mwambie miwani yake nimeipata. Mungu awape afya na njaa ya heri, na chakula cha kuikuta.

Ni mimi nikupendaye, ingawa huwa nachelewa kusema,

Kitindamimba wenu