Kadi Kumi na Moja za Kaka Lowell

Mpendwa mshauri Bi Augusta,

Naomba unisaidie, na naomba uwahi, kwa sababu kaka yangu Lowell anarudi nyumbani kutoka hospitali tarehe mbili mwezi ujao na mimi sijui nitamtazama vipi usoni. Nina miaka sitini na minane, mume wangu alifariki zamani, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa na kaka huyu kwenye nyumba ya wazazi wetu hapa Chillicothe, yeye juu na kadi zake, mimi chini na redio yangu, na hatujawahi kugombana ila kwa habari ya nani kaacha taa inawaka. Huenda unamjua kwa sura, maana gazeti hili la wakusanyaji wa kadi analisoma tangu lilipokuwa na kurasa nne, na kwenye mikutano ya wakusanyaji kule Columbus ndiye yule mrefu anayekaa meza ya mwisho siku nzima bila kuuza kitu.

Mwezi wa sita alipata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamemtoka, yamebaki mawili tu, "hapana" na "haya basi", na hilo la pili analitumia kwa kila kitu, ukimletea supu ya nyanya haya basi, ukimfungulia dirisha haya basi. Akili ipo, mwalimu wake wa kuongea anasema ipo yote, ila njia ya kutokea ndiyo imeziba. Sasa mimi nikiwa peke yangu kwenye nyumba ile nikawaza nimfanyie jambo la kumfurahisha akirudi, nikapanda chumbani kwake nikashusha masanduku yote ya zile kadi za besiboli zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara enzi za babu yetu, seti ya ukingo mweupe ambayo ninyi mnaiita kwa herufi na namba, kadi mia tano na kumi na mbili, nikazikuta zimevurugika, au ndivyo nilivyoona, mchezaji wa Cleveland kakaa na wa Brooklyn, mtu yule yule yumo kwenye masanduku matatu, nikasema maskini kaka, kumbe alishaanza kuchanganyikiwa na mimi sina habari. Nikakaa alasiri tatu kwenye meza ya kulia chakula, redio inatangaza mechi, nikazipanga kwa timu, na ndani ya timu kwa majina, nikazitia kwenye kurasa za plastiki za albamu mpya, na zikapendeza, Bi Augusta, nyuso zote zinakutazama, nikajisifu kabisa.

Jumapili akapita Clyde Yoder, rafiki yake wa miaka mingi wa huko kwenye chama chenu. Nikamfungulia albamu. Akachomoa kadi moja akaigeuza, akachomoa nyingine akaigeuza, kisha akaniuliza, "Verna, masanduku yako wapi?"

"Nimeyatupa, yalikuwa yameoza kwa uzee."

"Na kile kisanduku kidogo cha bati, chenye kikaratasi kimeandikwa 'Bado'?"

"Hicho nimekitilia vifungo. Kilikuwa na kadi kumi na moja tu, nikazipeleka kwenye timu zao. Kwani vipi?"

Clyde akavuta kiti akakaa. "Mungu wangu, Verna," akasema, "hakuna anayepanga hizi kwa timu. Zinapangwa kwa mgongo."

Ndipo akanieleza kwamba nyuma ya kila kadi kuna tangazo la sigara, na jina la sigara ndilo linaloanza, halafu namba ya kiwanda, halafu hesabu ya picha walizotangaza, mia na hamsini au mia tatu na hamsini au zaidi, na mchezaji mmoja anakaa masanduku matatu kwa sababu alitoka kwenye pakiti za sigara za aina tatu. Kaka hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Na zile kumi na moja, Clyde alisema, zina picha za seti hii hii lakini Lowell hakuwa na hakika kama zinastahili kuhesabiwa humo au ni za seti nyingine kabisa, anaziwaza huu mwaka wa thelathini, na sababu hajamwambia mtu, huenda ni wino, huenda ni karatasi, na hakuandika popote. Nikakumbuka alivyokuwa akinitania kila nikipita na kikombe cha kahawa nikachungulia, "Wewe Verna unaangalia sura kama unayechagua mchumba. Geuza basi." Nilikuwa nacheka nashuka ngazi. Sikugeuza hata moja.

Clyde ana moyo mzuri, aliniona nalia akasema, "Usijali, nipe siku mbili nitazirudisha zote kwa migongo. Zile kumi na moja nitachagua zozote zinazofanana fanana, tutie kwenye bati. Hatajua. Na hata akijua, hawezi kuuliza." Tangu siku hiyo neno hilo halinitoki, kwamba hawezi kuuliza. Daktari amesema asishtuliwe. Nikimwambia ukweli atalia mbele yangu na hataweza hata kunitukana, na mimi ningelipa chochote anitukane, nikinyamaza nitakaa naye nyumba moja mpaka mmoja wetu azikwe huku kile kibati kinanitazama. Naogopa, Bi Augusta, na naona aibu. Niseme au ninyamaze?

Verna, Chillicothe, Ohio

*

Verna,

Jibu hili nilikutumia kwa posta siku ile ile barua yako ilipofika. Nalichapa hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu najua nyumba nyingi ambazo juu kuna mtu na masanduku yake, na chini kuna mwenzake mwenye nia njema.

Pole kwa kaka yako. Namkumbuka vizuri. Niliwahi kumwonyesha kadi yangu niliyoiringia mwaka mzima, akaigeuza, akaisogeza dirishani, akanirudishia akisema, "Nzuri, ila siyo unayodhani." Nilinuna wiki nzima, na alikuwa amesema kweli.

Sasa nikugombeze. Umekaa na mtu miaka kumi na tisa, anakuambia geuza, na wewe unashuka ngazi. Kwenye meza zetu mtu akipewa kadi anaigeuza kabla hajasema asante. Lakini kutojua migongo si dhambi, mume wangu hakuijua mpaka anaingia kaburini na nilimpenda vivyo hivyo. Kosa lako ni jingine. Uliona usichokielewa ukaamua kaka yako amechanganyikiwa, naye alikuwa hai, kitandani, safari ya dakika ishirini kwa gari, na "hapana" yake mdomoni. Ungembebea sanduku moja tu ungeisikia. Ulizigawa kadi zake kama za marehemu, Verna, na naamini hicho ndicho kinachokuliza zaidi ya kadi zenyewe.

Kwa kadi, lia kwa kiasi. Jina la sigara na namba ya kiwanda vimechapwa pale, havikufutika kwa sababu wewe ulipenda nyuso. Kilichopotea ni shaka ya Lowell juu ya kadi kumi na moja, na hiyo haikuchapwa mahali.

Na wewe Clyde, najua unausoma ukurasa huu kabla ya matokeo ya mnada. Kumi na moja zozote? Wewe uliyemfukuza mtu mezani kwako mbele ya watu kwa kadi iliyopunguzwa ukingo kwa wembe ili ionekane mpya? Unataka kuchukua shaka ya rafiki yako ya miaka thelathini uibadilishe na yako ya siku mbili, kwa kuwa hawezi kuuliza? Nia yako naiona, na jibu ni hapana.

Verna, sikiliza. Mwambie. Daktari muulize siku gani na saa gani, usimuulize kama useme. Kabla kaka yako hajafika, nawa mikono, ukaushe, uzitoe kadi kwenye plastiki moja moja, uzilaze kifudifudi kwenye trei bila kuzipanga kwa namna yoyote. Clyde asiziguse. Vifungo vitoe kwenye bati, kikaratasi kirudishe kama kilivyokuwa.

Akifika, ale kwanza. Kisha mwambie kabla hajaona chochote: nilizipanga kwa timu, nimezichanganya zile kumi na moja, sikuuliza. Ishia hapo. Usimweleze nia yako ilikuwa nini, hiyo ni ya kukufariji wewe. Akilia, kaa hapo hapo.

Kesho yake anzeni. Kadi ishirini kwa siku, zitakwisha kwa siku ishirini na sita. Kila kadi ishike ikiwa imegeuzwa, umsogezee mkono wa kushoto aipapase karatasi, umpeleke karibu na dirisha auone wino, na umuulize kama ina nafasi kwenye seti. Kazi yetu hii yote, ukiondoa majigambo ya mikutanoni, ni kuiangalia kadi na kusema hapana au haya basi. Maneno hayo mawili kaka yako bado anayo.

Za "haya basi" Clyde atazipanga baadaye kwa migongo. Za "hapana" zitie kwenye bati. Zikiwa saba, ziwe saba. Zikiwa kumi na nne, usimkumbushe kwamba zilikuwa kumi na moja.

Na kila akisema hapana, usiitie kadi kwenye bati haraka ukachukua nyingine. Muulize kwa nini, halafu ungoje. Huenda lisitoke neno. Uliza hivyo hivyo, kila mara, na umtazame, kwa sababu miaka yote aliyokuwa na jibu hakuna aliyemuuliza.

Augusta