Wali wa Mama Mzee wa Jeddah

Mama yako amefanywa mwalimu mkuu, watu wa Kulamawe wote wanajua. Akili hiyo alitoa kwangu.

Salaam aleikum, mjukuu wangu Halima. Sisi wazima, mbuzi pia. Unauliza kama uondoke Istanbul kimyakimya, ili mama mwenye nyumba asilie. Mimi nilipomaliza miaka sita Jeddah nilificha sanduku, ili yule mama mzee niliyemtunza asijue. Alijua. Akainuka na fimbo yake, akaingia jikoni.

“Keti, binti yangu. Leo nakuhudumia mimi.”

Wali uliungua, na akko yako, yaani mimi nyanya yako, ndiye mpishi hodari wa Isiolo, lakini nilimaliza sahani. Sikuwahi kumwona na furaha vile. Mwambie huyo mama mapema, apate kukupikia. Sisi tunakungoja Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, na watu wetu wa Biliqo wote wanakuja siku hiyo kukupokea.