Vya Kumwekea Baba Mfukoni

Jumatatu, 3 Machi

Baba kapotea tena. Kaletwa na fundi viatu wa mtaa wa pili, wameshikana mikono kama maharusi. Alikutwa anasubiri kiwanda chake cha zamani kifunguliwe geti. Kiwanda chenyewe kilishakufa! Siku hizi humo wanauza makochi.

Kumfungia ndani siwezi. Mwezi uliopita nilimfungia nikaenda kazini, akabandika sufuria tupu jikoni. Jirani wa chini ndiye aliyevunja kitasa, moshi unatoka dirishani. Kumwachia mlango wazi nako ndiyo haya. Niache kazi? Tutakula hewa.

Basi nimeamua. Kama hakai, atoke na vifaa.

Jumanne, 4 Machi

Kazi yangu kwa dobi ni kupekua mifuko kabla nguo hazijaingia mashineni. Nimeshaona meno ya bandia humo. Leo nilipekua kwa kutaka kujifunza: watu hubeba nini cha kuwaokoa? Risiti na pipi.

Kaka kapiga simu kutoka huko kwake mbali. Hamadi kibindoni, silaha mkononi, ananiambia. Eti kila kitu kiwe kidogo, kisizidi kiganja, kifanye kazi mbili au tatu. Mtaalamu! Nikamwambia aje yeye, tumtumie kwa kazi hizo tatu. Mtandao ukakatika. Hukatika hapohapo kila siku.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa muuza tochi. Kisu cha kukunja chenye mkasi, koleo na kifungua kopo — kizuri mno, nimekirudisha, atajikata. Kijiti cha chuma cha kuwashia moto, hata kikilowa kinawaka — hapana, hapana kabisa!

Nimechukua filimbi yenye tochi na dira. Leso kubwa: bandeji, kofia, kamasi. Na blanketi la karatasi ya kung'aa, likikunjwa ni kama pakiti ya sigara. La baridi, la mvua, na mtu akilivaa anaonekana toka mbali. Muuzaji akauliza kama mzee anapanda mlima. Nikasema ndiyo, anakwenda mpaka duka la mkate.

Kizibao chenye mifuko mingi nimekipata kazini, mwenyewe hajakifuata mwaka wa pili huu. Baba kakivaa, kajitazama kiooni, kanyoosha mgongo. Nilifurahi, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi

Vyote vimekwisha!

Filimbi anayo mtoto wa jirani, anatupasua masikio. Leso kwa muuza mkate. Blanketi kwa mlinzi wa benki. Nimezunguka kuvidai kama mkopeshaji. Kila mmoja anasema mzee kampa kwa heshima zote, kamwambia atie sahihi. Wapi? Kwenye kiganja cha Baba. Kweli, mkono wake wote wino.

Nilisahau nini mimi? Miaka yote kiwandani alikuwa mtunza stoo. Nimemjazia mifuko, atafanya nini kama si kugawa?

Nikamfokea. Akanitazama kwa upole, akauliza, "Wewe ni wa idara gani, mama?" Nikaingia bafuni nikalia mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Jumapili, 9 Machi

Wazo jipya. Kadi! Nimezikata kwenye boksi la sabuni: "Nikipotea piga hapa," na namba yangu. Nimezipaka nta ya mshumaa zisilowe. Kila mfuko kadi kadhaa, akitoa moja ibaki nyingine. Nikamsomea polepole.

"Nimeelewa," akasema. "Anayepotea apige hapa."

Ndiyo, Baba. Hapo hapo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimerudi mchana, mlango wazi, viatu vyake havipo. Kituo cha polisi wameniambia rudi nyumbani, kaa na simu. Nimekaa. Naandika, simu iko pajani.

Simu ya kwanza, mwanamke yuko kituo cha basi. Mzee kampa kadi, kamwambia, ukipotea, mwanangu, piga hapa usiogope. "Mimi sijapotea, dada, ila nimeona nipige." Mzee kaelekea sokoni. Jirani kakimbilia huko.

Kisha muuza magodoro wa sokoni. Kisha mteja wake. Kisha mtu mwingine — kagawa foleni nzima! Wote wananipa pole. Wote wanauliza kama nimempata. Namkatia mmoja, anaingia mwingine. Watu wema wa mji mzima wana namba yangu, na atakayemwona Baba sasa hivi atakuta simu inatumika! Niizime? Nikiizima je? Mungu wangu, sijui, sijui.

Jirani karudi, kalowa chapachapa. Sokoni hayupo.

Sasa hivi tena, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kajibanza chini ya daraja. Mzee kavua kizibao kamfunika mtoto. Mwanamke kakuta kadi moja ndani, ndiyo kapiga. Nikauliza, mzee mwenyewe kabaki na nini? Shati tu. Kaelekea wapi? Hakuangalia, alikuwa anahangaika na zipu, mtoto analia.

"Lakini alikuwa na furaha, dada. Kasema stoo imekwisha, anafunga anarudi nyumbani."

Nyumbani wapi, hakumuuliza.