Turubai Lililofunika Mahindi

Kitale,
21 Oktoba 2024

Mpendwa Senge Rosaline,

Pokea salamu zangu huko Malakisi, shangazi yangu. Goti linaendeleaje, na kile kikohozi cha moshi wa tumbaku? Watoto wangu ni wazima. Mimi uso umevimba, na sababu ni mwanao.

Unajua kazi ya mume wangu Kizito kwenye kiwanja cha ndege cha lile shamba kubwa. Mvua ilichimba shimo katikati ya njia ya ndege, naye akatandika hapo msalaba mkubwa wa turubai jeupe, rubani auone kutoka juu ajue hapatuliki. Nilimsaidia kupigilia vigingi.

Jumanne ndege ya kunyunyizia dawa ilitua papo hapo. Msalaba haukuwepo! Gurudumu lilizama, ndege ikapinduka, rubani Kimaiyo akatolewa miguu imevunjika, mfupa nje.

Watu wakamrukia Kizito kwa mateke na mipini ya majembe, wakidai kwamba hakuweka alama. Na Sifuna wako, ndugu yangu tuliyenyonya naye titi moja, ndiye aliyewachochea: "Ati aliweka? Si tungeona, bana! Mpigeni!" Akamkanyaga mdomoni mpaka meno yakatoka.

Nyumba ya Sifuna ndiyo iliyo karibu, nikakimbilia huko kutafuta maji ya kumwosha damu. Nyuma ya jikoni nikakuta mahindi yake yamefunikwa vizuri yasinyeshewe. Senge, nililijua lile turubai. Vigingi vyetu vilikuwa bado vinaning'inia.

Nililiburuta hadi kiwanjani nikalitandaza mbele ya wote. Basi wakamgeukia yeye kwa mawe. Nilimchukia, na hata sasa namchukia. Lakini moyoni nilikuona wewe ukimzika, nikamlalia juu kumkinga. Jiwe lililonipasua shavu lilirushwa kumpiga yeye.

Alitoroka, na najua yuko kwako. Kizito yuko hospitali, amefungwa pingu kitandani kwa kosa la kutoweka alama, na wote walioliona turubai sasa wanasema hawakuona kitu, wakiogopa kesi ya kumpiga. Polisi wanasema Sifuna akikiri, mume wangu ataachiliwa.

Nisalimie Nasambu na mzee Wakoli. Watoto wanakutakia afya njema. Mungu akupe nguvu umshike mwanao mkono hadi Kitale. Mimi nilimkinga kwa mwili wangu, Senge. Sasa nataka mdomo wake.

Ni mimi uliyenilea, na ambaye bado nakupenda,
Phelista